Maswali ya Wasomaji: Jina la Kevin Limetoka Wapi, na Linasema Nini?

Katika barua zilizotufikia msimu huu, tatu zinauliza habari za jina moja. Tumeona vyema tuzijibu pamoja, kwa kuwa majibu yake yanategemeana. Majina ya waandishi wenyewe tumeyahifadhi.

SWALI LA KWANZA

Ndugu Mhariri, mimi ni mama wa mtoto wa kiume mwenye umri wa miaka minne, na ninaishi Kisumu. Mwanangu anaitwa Kevin Omondi. Jina la Omondi alipewa na baba mkwe wangu kwa sababu nilijifungua alfajiri, kabla jua halijachomoza. Jina la Kevin nililichagua mimi mwenyewe kwa kuwa lilinipendeza masikioni. Mzee amekataa kabisa kulitamka, akisema kwamba hawezi kumwita mjukuu wake kwa jina ambalo hakuna mtu nyumbani anayejua linasema nini. Sasa natarajia mtoto wa pili, wala sitaki turudie mvutano uleule. Je, Kevin lina maana yoyote? Limetoka wapi? Na nikijaliwa binti, kuna jina la kike linalolingana nalo? – Mama Kevin, Kisumu.

JIBU

Mama Kevin, baba mkwe wako ameuliza swali la haki, na ningependa umfikishie salamu zangu kwa heshima. Katika desturi ya Waluo jina husema jambo. Otieno ni wa usiku, Okoth ni wa mvua, Ochieng' ni wa jua la mchana, na Omondi wako ni wa alfajiri. Mzee aliyelelewa katika desturi hiyo, akiambiwa kwamba mjukuu wake anaitwa Kevin kwa sababu tu jina hilo ni tamu masikioni, hana budi kuona kwamba mtoto amepewa kitu kisicho na mwenyewe. Ninafurahi kukuambia kwamba sivyo ilivyo. Kevin ni jina la Kiairishi, yaani la watu wa kisiwa cha Ireland, na mtu wa kwanza mashuhuri kuitwa hivyo alifariki miaka zaidi ya 1,400 iliyopita. Tena jambo linalosemwa na jina hilo ni kuzaliwa, kama ilivyo kwa Omondi.

Chimbuko lake ni maneno mawili ya Kiairishi cha kale, ambayo yakiunganishwa hufanya Cóemgein. Sehemu ya pili, gein, ina maana ya kuzaliwa au uzao, wala haina utata. Sehemu ya kwanza, cóem, ambayo leo huandikwa caomh, ndiyo yenye utajiri. Katika maandishi ya kale neno hilo hutumika kwa mtu anayependwa, kwa tabia ya upole, kwa sura ya kupendeza, na kwa mwenendo wa kiungwana. Anayeyajua majina ya Pwani atawakumbuka Azizi, Latifu na Jamili, yaani mpendwa, mpole na mzuri. Kila mmoja wao ana jina lake kwetu, lakini kwa Mwairishi wa kale neno moja la cóem lingewatosha wote watatu. Kwa hiyo Kevin, likifasiriwa kwa Kiswahili, ni mtu aliyezaliwa mpendwa, mpole na wa kupendeza. Watawa walioandika habari za mtakatifu mwenye jina hili kwa Kilatini walilieleza kuwa ni aliyezaliwa mzuri. Orodha nyingi za majina ya watoto zinazosambaa siku hizi huishia kwenye uzuri wa sura peke yake na kuandika kwamba Kevin ni mtanashati. Tafsiri hiyo si ya uongo, ila imepunguza, kwa sababu imeacha nje upendo na upole, na imelisahau kabisa neno la kuzaliwa.

Sasa yaweke majina mawili ya mwanao pamoja. Omondi linaeleza wakati aliozaliwa, na Kevin linaeleza namna alivyozaliwa. Ukimwita kwa yote mawili umesema kwamba katika alfajiri ile alizaliwa mtoto mpendwa. Sidhani kama mzee angepata shida kulitamka jina hilo akiambiwa hivyo, na nakushauri umweleze wewe mwenyewe kwa Dholuo, maana mimi nimeeleza kwa Kiswahili tu.

Huenda ukajiuliza vipi Cóemgein ikawa Kevin. Katika karne nyingi za matumizi tahajia ilibadilika ikawa Caoimhghin, na katika Kiairishi cha leo ni Caoimhín. Herufi hizo zikimtisha msomaji wetu, ajue kwamba katika maandishi yao herufi m ikifuatwa na h huacha kuwa m, na husikika kama v au w kutegemea irabu zilizo jirani. Kwa hiyo jina lenye herufi nyingi hivyo hutamkwa Kiivin au Kwiivin, kulingana na sehemu ya kisiwa anakotoka msemaji. Makarani waliokuwa wakiandika kwa Kiingereza waliandika walichokisikia, nacho ndicho tulichopokea sisi.

Kuhusu binti, lipo jina la Caoimhe, ambalo hutamkwa Kiiva au Kwiiva na linapendwa sana Ireland siku hizi. Lina neno cóem peke yake, bila gein, yaani linasema upole na uzuri bila kutaja kuzaliwa. Likiunganishwa na jina la Kiluo litakalotaja wakati wa kuzaliwa, litakuwa limepata kile linachokosa: akizaliwa usiku, kwa mfano, atakuwa Caoimhe Atieno. Ninaona tatizo moja tu, nalo si dogo. Ukiliandika kwa tahajia ya Kiairishi katika cheti cha kuzaliwa, mtoto atatumia maisha yake yote kuwasahihisha walimu, makarani na wauguzi. Waairishi wenyewe walio ughaibuni wakati mwingine huliandika Keeva ili kuepuka usumbufu huo, na ningependelea ufanye hivyo. Ila safari hii mwendee mzee mapema ukiwa na maana mkononi, kabla mtoto hajazaliwa.

SWALI LA PILI

Mheshimiwa Mhariri, mimi ni katekista katika parokia moja ya Bungoma. Mwaka huu nina vijana watatu wanaoitwa Kevin wanaojiandaa kwa kipaimara, nao wananiuliza mtakatifu wao ni nani na sikukuu yake ni lini. Nimeitafuta kalenda ya liturujia tunayoitumia, na sikumwona. Tena mmoja wa vijana hao amesoma mahali kwamba mtakatifu huyo alimsukuma mwanamke ziwani akafa maji, na tangu hapo anasema hataki jina hilo. Naomba msaada. – Katekista, Bungoma.

JIBU

Mwalimu, sababu ya kutomwona katika kalenda iko karibu sana nawe. Sikukuu ya Mtakatifu Kevin ni tarehe 3 Juni, na tarehe hiyo, kama ujuavyo kuliko mimi, ni ya Mtakatifu Karoli Lwanga na wenzake, Mashahidi wa Uganda, ambao wengi wao walichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886, na ambao walitangazwa watakatifu mwaka 1964. Sikukuu yao huadhimishwa na Kanisa zima, na kwetu Afrika Mashariki ni siku ya mahujaji kutembea kwa miguu majuma mazima. Mtakatifu Kevin hukumbukwa hasa huko kwao, na kwa namna ya pekee katika Jimbo Kuu la Dublin. Vijana wako hawajapungukiwa na kitu. Siku ambayo waumini wa Bungoma wanavuka mpaka kwenda Namugongo ndiyo hiyohiyo siku ya somo wao.

Maisha yake yanajulikana kwa sehemu tu, maana yaliandikwa karne nyingi baada ya kifo chake. Lililo wazi ni kwamba katika karne ya 6 mtawa aliyeitwa Kevin alikwenda kukaa upwekeni katika bonde la Glendalough, kusini mwa Dublin, katika eneo ambalo leo ni kaunti ya Wicklow. Jina la bonde lenyewe, kwa Kiairishi Gleann Dá Loch, lina maana ya bonde la maziwa mawili, na ndivyo lilivyo: maziwa mawili yaliyolala kati ya milima mikali, la juu na la chini. Kando ya ziwa la juu, katika ukuta wa mwamba, mita chache kutoka kwenye maji, kuna pango dogo ambalo mtu mzima hawezi kusimama ndani yake. Watu huliita Kitanda cha Mtakatifu Kevin. Aliutaka upweke lakini hakuachiwa, kwa kuwa wanafunzi walimfuata, makao yakajengwa, na baada ya kifo chake monasteri ile ikakua ikawa mji wa watawa na mahali pakubwa pa elimu na hija. Jadi ilisema kwamba hija saba za Glendalough zililingana na hija moja ya Roma. Majeshi ya Waingereza yaliuharibu mji huo mwaka 1398, lakini mnara wake wa mawe wa mviringo, wenye urefu wa karibu mita 30, ungali umesimama. Pia limebaki kanisa dogo lenye paa la mawe ambalo wenyeji hulipa jina la Jiko la Mtakatifu Kevin, kwa kuwa mnara wake mdogo wa kengele unafanana na dohani.

Kumbukumbu za kale huweka kifo chake mwaka 618. Jadi inaongeza kwamba alikuwa na umri wa miaka 120. Katika hilo ningewaomba vijana wafungue Kumbukumbu la Torati, sura ya 34, waone ni nani mwingine aliyekufa akiwa na umri wa miaka 120. Waandishi wa maisha ya watakatifu walipenda kuwapa mashujaa wao miaka ya Musa, na kwao hesabu hiyo ilikuwa namna ya kumsifu mtu kuliko kumwandikia cheti.

Jina lake linahusika moja kwa moja na hadithi za kuzaliwa kwake. Inasimuliwa kwamba baba yake aliitwa Cóemlug na mama yake Cóemell, majina ambayo yote mawili yanaanza na neno lile la upole na uzuri nililomweleza Mama Kevin hapo juu. Inasimuliwa pia kwamba mama yake hakupata uchungu wakati wa kujifungua, kwamba malaika ndiye aliyeagiza mtoto aitwe hivyo, na kwamba theluji haikudumu juu ya ardhi mahali alipozaliwa. Hadithi hizi tatu ni namna tatu za kulifasiri jina lenyewe. Wasimulizi walijua kwamba Cóemgein ni aliyezaliwa mwema, wakasimulia kuzaliwa kunakostahili jina hilo.

Hadithi inayopendwa kuliko zote ni ya ndege. Padre mmoja msomi, Gerald wa Wales, aliyefika Ireland katika miaka ya 1180, aliiandika hivi kwa ufupi: wakati wa Kwaresima Kevin alikuwa akisali ndani ya kibanda kidogo, mkono wake mmoja ukiwa umenyooshwa nje ya dirisha, kiganja kikielekea mbinguni, ndipo ndege mdogo mweusi akatua kiganjani, akajenga kiota na kutaga mayai. Mtakatifu alimwonea huruma, hakukunja mkono wala hakuuvuta ndani, bali aliuacha vilevile mpaka makinda yakaanguliwa. Gerald anaongeza kwamba katika siku zake sanamu zote za Mtakatifu Kevin nchini Ireland zilimwonyesha akiwa na ndege mkononi. Zipo pia hadithi za fisi maji aliyemrudishia kitabu chake cha zaburi kilipomponyoka na kuzama ziwani, mnyama ambaye baadaye akawa anawaletea watawa samaki. Nimezisoma nyingi za namna hii, na ninakiri kwamba ile ya mkono dirishani hainitoki moyoni. Mtu ameanza sala yake mwenyewe, na kiumbe asiyejua sala akaja akaifanya kuwa nyumba ya watoto wake, naye akakubali. Ukitafuta jambo la kuwafundisha wale vijana watatu kuhusu maana ya neno cóem, hutapata mfano ulio wazi kuliko huo. Upole unaosemwa hapa una maumivu ya bega ndani yake.

Nije sasa kwenye jambo linalomsumbua kijana wako. Ni kweli kwamba hadithi hiyo ipo, na haifai kuifichaficha. Katika maandishi ya zamani inasemwa kwamba msichana mmoja alimfuatafuata Kevin akitaka kumtoa katika nadhiri zake. Kevin alimchapa kwa majani yawashayo, kisha msichana akatubu akawa mtawa. Kumsukuma majini hakumo humo. Hilo ni nyongeza ya baadaye sana, iliyokuzwa na waongozaji wa wageni waliowavusha watalii kwa mashua hadi kwenye pango, na ikatukuzwa na wimbo mmoja maarufu wa karne ya 19 uliompa msichana jina la Kathleen na kumtupa ziwani. Ninaiona kuwa hadithi iliyobuniwa ili safari ya mashua ichangamke, na imemdhulumu mtu ambaye jina lake na masimulizi ya kale zaidi vinamsema kwa upole. Hata ile ya majani yawashayo siipendi, wala sitakuomba uitetee mbele ya vijana, ila waambie ukweli kwamba mwanamke yule, kwa mujibu wa waandishi wa kwanza, hakufa.

Uthibitisho rasmi wa heshima yake kutoka Roma ulichelewa mno. Papa Pio wa Kumi ndiye aliyeutoa, mwaka 1903, karibu miaka 1,300 baada ya kifo chake. Watakatifu wengi wa Ireland ya kale walipata jina hilo kwa heshima ya watu tu, kabla Kanisa halijaweka utaratibu wa kuwatangaza. Na kwa kuwa unaandika kutoka Kenya, unaweza kuwaongezea vijana wako jambo moja la jirani. Shirika la wamisionari la Mtakatifu Patrick, ambalo mapadre wake walifanya kazi Turkana, Kitui na Eldoret kuanzia miaka ya 1950, na ambalo wengi wetu tunalijua kwa jina la Kiltegan, lilianzishwa mwaka 1932 katika kijiji cha Kiltegan, kilichomo katika kaunti hiyohiyo ya Wicklow.

SWALI LA TATU

Ndugu Mhariri, mimi ni Mkenya ninayefanya kazi Köln, Ujerumani, na jina langu ni Kevin. Nyumbani sikuwahi kulifikiria. Hapa kila ninapojitambulisha kuna anayetabasamu kwa namna nisiyoipenda, na mwenzangu mmoja wa kazini aliniambia wazi kwamba hilo ni jina la watu wasiosoma. Nimeumia, hasa kwa kuwa alilisema mbele ya wengine. Je, ni kweli? Na Waairishi wenyewe hulitamkaje? – Msomaji wenu, Köln.

JIBU

Ndugu yangu, maneno uliyoambiwa hayatokani na jina lenyewe. Yanatokana na namna lilivyoingia Ujerumani. Mwaka 1977 mchezaji wa Uingereza Kevin Keegan, ambaye ukoo wake una jina la Kiairishi, alihamia klabu ya Hamburg na kuchezea huko hadi 1980, akitangazwa mchezaji bora wa Ulaya mara mbili, mwaka 1978 na 1979. Watoto wa Kijerumani walioitwa Kevin wakaanza kuonekana. Mwaka 1990 ikaja filamu ya Krismasi ya Marekani ambayo shujaa wake ni mtoto wa jina hilo, na wakati huohuo mwigizaji Kevin Costner alikuwa katika kilele cha umaarufu wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 jina hili lilikuwa miongoni mwa majina ya mbele kabisa ya watoto wa kiume Ujerumani na Ufaransa. Wazazi wengi waliolichagua hawakuwa wa tabaka la wasomi, na jambo likipendwa na watu wa kawaida kwa wingi namna hiyo, walio juu hulikimbia na kisha hulidharau. Mwaka 2009 utafiti uliofanywa katika Chuo Kikuu cha Oldenburg uliwauliza walimu wa shule za msingi wanafikiri nini wanaposikia majina fulani, na Kevin likawa mfano mkuu wa jina ambalo walimu walilihusisha na mtoto mtukutu na dhaifu darasani. Mwalimu mmoja aliandika kwamba Kevin si jina bali ni ugonjwa uliokwisha kupimwa. Watafiti walitoa matokeo yale ili kuwaonya walimu juu ya upendeleo wao. Kwa bahati mbaya mzaha ndio uliosambaa, na onyo likabaki nyuma.

Kwa hiyo aliyekucheka anacheka historia ya miaka kama 40 ya nchi yake. Historia ya jina lako ni ndefu zaidi na ina uzito mwingine, nami ningependa uijue vizuri, kwa sababu huku kwetu tumezoea kuyatia majina yote ya namna hii katika kapu moja la majina ya Kizungu, kana kwamba Mzungu ni mmoja. Ireland ilitawaliwa na Uingereza kwa karne nyingi. Lugha iliyozaa jina la Caoimhín ilisukumwa pembeni, na ilipofika karne ya 19 watoto wa shule katika sehemu mbalimbali za kisiwa walivishwa kijiti shingoni, kikichongwa alama kila mmoja wao aliposema Kiairishi, na alama hizo zikahesabiwa jioni kwa viboko. Wengi wetu tuliosoma Kenya tunakikumbuka kibao kilichopitishwa kutoka shingo hadi shingo kwa kosa la kusema lugha ya mama, na hatuhitaji kuelezwa zaidi. Kisha ikaja njaa kubwa iliyoanza mwaka 1845 baada ya viazi kuoza mashambani. Watu wapatao milioni moja walikufa, na wengine zaidi ya milioni moja wakahama kisiwa, wengi wao wakiwa wametoka hasa katika vijiji vilivyokuwa vikisema Kiairishi.

Mwaka 1893 ilianzishwa Dublin jumuiya ya kuifufua lugha, Conradh na Gaeilge, na katika mwamko ule wazazi wengi walirejea kwenye majina ya mashujaa na watakatifu wa kale, Caoimhín likiwemo. Kevin Barry alizaliwa katika kizazi hicho, mwaka 1902. Alikuwa mwanafunzi wa udaktari mwenye umri wa miaka 18 aliponyongwa katika gereza la Mountjoy tarehe 1 Novemba 1920, kwa kushiriki shambulio ambalo askari watatu wa Uingereza waliuawa, nao walikuwa vijana kama yeye. Wimbo wa kumkumbuka ulienea haraka, na tangu hapo jina la Kevin, lililokuwa la mtakatifu wa bondeni, likabeba pia maana ya kijana aliyekufa kwa ajili ya uhuru wa nchi. Mwili wake ulizikwa ndani ya kuta za gereza. Mkenya akisoma hayo atamkumbuka Dedan Kimathi, aliyenyongwa Kamiti mwaka 1957 na kuzikwa hukohuko. Wa kwao waliwafukua: mwaka 2001 serikali ya Ireland ilimtoa Barry na wenzake tisa gerezani na kuwafanyia mazishi ya kitaifa, miaka 81 baada ya kifo chake. Waairishi waliohamia Uingereza, Marekani na Australia walikuwa wamekwisha kulibeba jina hilo, na kutoka huko likaenea duniani kwa njia ya michezo na televisheni. Naamini ndivyo lilivyotufikia sisi pia kwa sehemu kubwa, maana wamisionari wa Kiairishi walitupa akina Patrick wengi kuliko akina Kevin.

Kuhusu matamshi, nimekwisha kusema kwamba ni Kiivin au Kwiivin, kwa irabu ndefu mwanzoni. Lakini ukienda Ireland, ukakutana na mama anayesema lugha yao na ukamsikia akimwita mwanawe aliye mbali uwanjani, hutasikia hivyo. Sarufi yao inataka jina libadilike pale unapomwita mwenyewe. Hutanguliwa na a, na herufi yake ya kwanza hulainika, hivyo Caoimhín huwa a Chaoimhín, na ch hiyo hutamkwa kooni kama kh wanayoitamka watu wa Pwani katika khamsini. Mama huyo ataita: a Khwiivin!